Utamu wa Kilabu na Deni la Kumbukumbu

Wazee wa mtaa wetu wa Mwanjelwa wana desturi moja ambayo nimeiona tangu nilipopata akili. Wakiketi msibani, baada ya maiti kuzikwa na watu kunawa mikono, mazungumzo yao hurudi daima kwenye vilabu vya pombe vya zamani. Husema kwamba watu wa siku zile walijua kukaa pamoja. Kwamba komoni ya wakati ule ilikuwa chakula na kinywaji kwa mara moja. Kwamba mtu aliyeingia kilabuni bila senti mfukoni hakutoka na kiu. Kijana anayesikiliza hayo hujiona amechelewa kuzaliwa. Mimi si kijana tena, na vilabu hivyo nilivijua kwa macho yangu. Lakini kila nisikiapo sifa hizo moyo wangu hugawanyika. Nusu yake hutaka kuitikia, na nusu yake hutaka kuuliza: Je, sifa hizi ni za kweli? Na kama ni za kweli, ni nani mwenye haki ya kuzitoa?

Swali hilo lina uzito kuliko lionekanavyo. Mtu akiusifu wakati uliopita hasimulii habari tu, bali anatoa hukumu. Anasema kwamba mambo yalikuwa mema, na kwa hiyo ya leo yamepungukiwa na wema. Hukumu huhitaji ushahidi, na shahidi wa hukumu hii ni kumbukumbu. Katika baraza lo lote la haki shahidi huulizwa kwanza alisimama wapi alipoyaona anayoyasema. Kumbukumbu haiulizwi. Huja imevaa vizuri, hukaribishwa, hupewa kiti. Nataka hapa kuiuliza kumbukumbu ya kilabu ilikuwa imeketi wapi, nikianza na kumbukumbu yangu mwenyewe, maana kuanza na za wengine ni uoga.

Kilabu ninachokikumbuka, cha mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kilikuwa jengo refu la matofali ya kuchoma, lenye mabati yaliyotobolewa na kutu na mabenchi ya mbao yaliyong'azwa na makalio ya watu. Upande mmoja palikuwa na barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia. Upande mwingine, juu ya mapaa, ulionekana mlima Loleza, ambao katika miezi ya baridi hujifunika ukungu mpaka jua lipande sana. Reli ya TAZARA ilikuwa imekabidhiwa mwaka 1976, na mji ulikuwa umejaa wageni waliokuja kutafuta kazi. Wasafwa, ambao nchi ile ni yao kwa asili, waliketi benchi moja na Wanyakyusa wa Tukuyu, Wandali wa Ileje, Wanyiha wa Mbozi, Wakinga waliopanda na biashara zao, Wabena wa Njombe na Wahehe wa Iringa. Kila mmoja alikuwa na lugha ya kwao, na wote walikutana katika Kiswahili, ambacho kadiri pombe ilivyopungua katika pipa ndivyo kilivyozidi kuwa fasaha, au angalau ndivyo wasemaji walivyoamini.

Vinywaji navyo vilikuwa na makabila yao. Komoni ya mahindi na kimea cha ulezi ilikuwa ya watu wote na ya siku zote. Kimpumu cha ulezi kilinywewa kwa mrija kutoka katika chungu kimoja, kikiongezwa maji ya moto kila kilipopungua, na wanywaji wake waliketi kukizunguka kama watu wanaoota moto. Ulanzi ulitoka upande wa Iringa na Njombe wakati wa mvua, na huo ulikuwa na ajabu yake, kwa kuwa haupikwi. Mgema hukata ncha ya chipukizi la mwanzi, hutundika chombo cha mwanzi chini yake, na maji ya mti hudondoka usiku na mchana. Ukinywewa mapema ni mtamu, hata mtoto huweza kupewa. Ukikaa hujichachua wenyewe na kuwa mkali, wala hapana awezaye kuuzuia. Nimeona mizigo ya madumu ya ulanzi ikishushwa kwenye lori huku povu likitoka katika vifuniko, na watu wakiikimbilia kama wakimbiliavyo barua kutoka nyumbani.

Adabu ya kilabu ilikuwa halisi. Wazee hawasemi uongo katika hilo. Mwenye pombe alionja kwanza mbele ya wateja, ndipo kopo likaanza safari yake. Kopo lilikuwa moja kwa watu watano au sita. Aliyelipokea alikunywa kwa kiasi, akafuta ukingo kwa kiganja, akampa wa kulia kwake. Mgeni aliyesimama mlangoni alivutwa mkono akaketishwa, na habari za kwao zikaulizwa kabla ya jina lake. Michango ya mazishi ilianzia hapo. Ugomvi wa mipaka ya viwanja ulisuluhishwa hapo, ijapokuwa ni kweli pia kwamba mwingine ulianzishwa hapo. Kwa habari ya afya sina utetezi: kopo lile moja lilibeba kikohozi cha mmoja kwenda kwa wengine, na sitamani mwanangu alinywee.

Wanyakyusa wana neno moja lililo kubwa kuliko tafsiri yake: ukwangala. Monica Wilson, aliyeishi na kutafiti Rungwe pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alilitumia neno hilo kuwa msingi wa kitabu chake cha mwaka 1951, na jina la kitabu chenyewe kwa Kiingereza lina maana ya kukaa pamoja kwema. Katika vijiji vya rika alivyovieleza, wanaume waliozaliwa nyakati za karibu walijenga pamoja, wakala pamoja na kunywa pamoja. Ukwangala ulikuwa furaha, lakini haukuwa furaha tu, ulikuwa wajibu. Mtu aliyekula peke yake alikuwa na kasoro ya tabia, wala haikusemwa kuwa hiyo ni hiari yake. Katika mazungumzo ya rika mtu alijifunza hekima, na pasipo mazungumzo hayo alihesabiwa kuwa hajakomaa. Hili ni fundisho zito. Wanafalsafa wengi wameanza na mtu aliye peke yake, ndipo wakatafuta njia ya kumfikisha kwa wenzake; ukwangala huanza na wenzake, ndipo humtafuta mtu. Basi mzee wa Mwanjelwa anaposema kwamba leo kila mtu ameshika chupa yake na kuitazama televisheni, halalamikii kioo cha chupa. Analalamika kwamba kinywaji kimeachana na wajibu.

Wala si sisi peke yetu tuombolezao hivi. Waingereza wazee nao huzikumbuka baa zao za mitaani kwa huzuni ile ile: moto wa makaa, meza za mbao, muuzaji ajuaye kila mtu anywa nini. Wako waliozichunguza zikiwa hai, na uchunguzi uliofanywa katika mji wa Bolton ulichapwa kuwa kitabu mwaka 1943. Tangu Uingereza ilipokataza uvutaji wa sigara ndani ya nyumba hizo mwaka 2007, waombolezaji wamezidi. Lakini mwandishi wao George Orwell aliwatangulia kwa jambo moja la unyofu. Mwaka 1946 aliandika gazetini sifa za baa aipendayo kuliko zote, moja baada ya nyingine, hata msomaji akatamani kuuliza njia ya kwenda huko; ndipo akakiri kwamba baa hiyo haipo. Tazama ungamo hilo lilivyo na faida. Lilimwonyesha msomaji kwamba alichokuwa anakitamani ni kipimo cha jinsi watu wapaswavyo kuishi, kilichovalishwa mavazi ya mahali. Wazee wetu hawafanyi ungamo hilo. Wao husema mahali hapo palikuwapo, na nyumba wanaionyesha kwa kidole.

Tena, kile tunachokiita desturi ya kale hakikuwa cha kale sana. Kijijini pombe ilifuata mavuno. Ilipikwa kwa kilimo cha ujirani, kwa arusi, kwa matambiko, na baada ya hapo chungu kikafunikwa mpaka ulezi mwingine ukomae. Pombe ya kila siku, ya kuuzwa kwa kopo, katika jengo lenye kibali, hiyo ni mtoto wa mji na wa serikali. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikwisha kuzuia pombe kali zisiuzwe kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara hili, na watawala waliokuja na baa zao wenyewe walituwekea mahali petu maalum, pa kutuona na kututoza ushuru. Baada ya uhuru, Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 iliendelea kudai leseni. Mwanahistoria Justin Willis, katika makala yake ya mwaka 2001 juu ya Wanyakyusa, alichunguza usemi kwamba zamani pombe ilikuwa mali ya wazee, akauona kuwa ni usemi juu ya mamlaka. Naona ni kweli. Mzee asifuye kilabu cha zamani anataka kopo, na anataka pia kijana asimame ampishe benchi.

Sasa nifike mahali nilipoketi mimi. Sikuketi benchini. Niliketi nyuma ya jengo, penye moto, kwa sababu mama yangu alikuwa mpishi wa komoni.

Watu wanywao hawajui kazi ya pombe, kama walao wasivyojua kazi ya jembe. Mahindi yalilowekwa, yakasagwa, unga ukaachwa uchachuke siku kadhaa. Kisha ukakaangwa juu ya bati kubwa, ukigeuzwa kwa koleo bila kupumzika, maana ukiungua pipa zima huwa chungu. Ulezi ulioteshwa ukaanikwa, ukasagwa kuwa kimea. Vyote vikachanganywa na maji, vikaachwa vichemke kwa nguvu zao wenyewe, na mwishowe vikachujwa, machicha wakapewa nguruwe. Mama aliamka saa kumi usiku. Moshi ulimwingia machoni miaka kumi na mitano, na leo haoni vizuri. Katika sifa zote za kilabu nilizozisikia msibani, sijasikia hata mara moja mzee akimsifu mwanamke kwa jina. Husifu komoni kana kwamba ilidondoka yenyewe kama ulanzi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, sukari na sabuni vilipatikana kwa mstari, na bia ya chupa ilikuwa ya wenye kujuana na wakubwa. Kilabu kilifurika. Kwa taabu ile ya nchi sisi nyumbani tulipata nafuu. Sare yangu, daftari zangu, godoro nililolichukua kwenda shule ya bweni, nauli ya basi, vyote vilitoka katika sanduku la bati ambalo mama aliliweka chini ya kitanda, na ndani yake noti zilinuka chachu. Nafasi za shule za sekondari zilikuwa chache mno, na kuipata nafasi bila godoro na nauli ilikuwa kama kuikosa.

Darasani niliketi na kijana mmoja aliyenizidi katika hesabu. Baba yake alikuwa mteja wetu, naye alikuwa mteja mwaminifu. Mama aliandika madeni kwa mkaa ukutani, mstari mmoja kwa kopo moja, na mistari ya baba yule ilikuwa na pembe yake ukutani. Siku moja jioni mke wake alikuja, mtoto mgongoni, akasimama penye moto bila kuingia ndani. Akasema, "Dada, nakuomba, usimwuzie tena. Unga umekwisha tangu juzi." Mama aliendelea kugeuza unga juu ya bati. Kisha akajibu, bila ukali, "Mwenzangu, nikimnyima mimi atavuka njia, atakunywa kwa jirani. Nami wangu watalala na nini?" Yule mama alisimama kidogo, akaondoka. Walikuwa wamefahamiana tangu usichana. Mwaka uliofuata rafiki yangu aliacha shule akiwa darasa la sita, akaenda kubeba mizigo sokoni. Mimi nilipanda basi na godoro langu.

Basi hapa ndipo swali linaponishika koo. Elimu niliyo nayo, ambayo kwayo naandika insha hii, ililipwa na ulevi wa baba za watoto wengine. Je, nimetenda dhambi? Sidhani. Mtoto hachagui moto wa kuotea. Je, mama alitenda dhambi? Wako watakaosema ndiyo upesi, na aghalabu ni watu ambao hawajawahi kuhesabu unga kwa kikombe. Mwingine atasema kwamba baba yule alikuwa mtu mzima, mwenye akili zake, na kila senti aliitoa kwa mkono wake mwenyewe. Hilo pia ni kweli, lakini lina upungufu: mkono ulikuwa wake, lakini unga ulikuwa wa watoto wake. Mwingine atasema kwamba hakuna fedha duniani isiyotoka katika udhaifu wa mtu fulani, na daktari hula kwa magonjwa. Hoja hii ina akili, lakini haitulizi, kwa kuwa daktari hujitahidi kuupunguza ugonjwa umlishao, na mwuza pombe hawezi kujitahidi hivyo bila kufunga duka.

Mimi naona tumechanganya maneno mawili, hatia na deni. Hatia ni ya mtendaji, na hukoma penye kosa lake. Deni huweza kumfikia hata aliyepokea akiwa hana kosa, kama mrithi apokeaye shamba lililo na rehani. Mrithi si mwizi. Lakini akikata mti katika shamba hilo na kusema "hili ni langu tangu kale, tena ni zuri," pasipo kutaja rehani, hapo ameanza kosa lililo lake. Ndivyo nilivyoiona kumbukumbu tamu. Kuukumbuka utamu si kosa. Utamu ulikuwapo, ukwangala ulikuwapo, nami niliusikia ukicheka nyuma ya ukuta. Kosa huanza tunapousimulia kana kwamba ulikuwa bure, na kuwaondoa katika hadithi wale walioulipia.

Nilikaa na fikira hiyo miaka mingi, nikaiona imekamilika. Nilijiona mwenye deni, nikamwona rafiki yangu mwenye kudai, na nadhani palikuwa na kiburi kidogo katika kujiona hivyo. Mji ukabadilika. Soko la Mwanjelwa liliteketea kwa moto mwaka 2006, na miaka ikapita kabla jengo jipya halijasimama. Pombe kali za vifuko vya plastiki zikaja, vijana wakazinyonya asubuhi peke yao, bila benchi, bila kopo la kupokezana, mpaka serikali ilipozipiga marufuku mwezi wa Machi mwaka 2017. Ukitaka kujua kinywaji kisicho na ukwangala huonekanaje, hicho ndicho kilikuwa kielelezo chake. Mahali pa kilabu chetu leo pana duka la vipuri vya pikipiki.

Mwaka juzi nilikwenda sokoni kumnunulia mama mchele wa Kyela. Mwuzaji, mtu mwenye mvi, alinitazama, akaliita jina langu la shule. Alikuwa yeye. Tulishikana mikono muda mrefu, kama ilivyo desturi ya kwetu, hatuachi mikono mpaka habari za watu wote ziishe. Nilitafuta namna ya kuingia katika jambo lile lililonilemea, nikaanza kusema habari za zamani, habari za kilabu, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Alicheka. "Mwalimu," akasema, "siku zile zilikuwa njema. Baba nyumbani alikuwa bubu. Kilabuni alikuwa anaimba. Nilikuwa natumwa kumwita, nami nachelewa makusudi nipate kumsikia. Na mama yako alikuwa akinipa togwa, kikombe kikubwa, kila siku. Hukujua? Kwenu ndiko nilikokuwa nashiba."

Sikujua. Alikuwa akipewa upande wa pili wa jengo, penye mlango wa wateja.

Alikataa fedha ya mchele. Nilipofika nyumbani nilimweleza mama, nikitumaini kwamba naye angepata kitu chema cha kukumbuka katika miaka ile. Alipapasa mfuko, akachukua punje chache, akazisugua kwa vidole kuona kama mchele ni mkavu. Nikamwuliza kama ni kweli habari ya togwa. "Nani angemwacha mtoto wa watu asimame hivyo?" akasema. "Lakini usiniambie siku zile zilikuwa njema. Wewe ulikuwa unalala."

Akanyamaza. Nilidhani amesinzia. Kisha akasema, "Baba yake alikufa na makopo kumi na manne ukutani. Mwambie niliyafuta siku ya matanga. Nilitumia maji na kitambaa, wala hakuna aliyeniona."